Kovu Linalolisha Saratani: Majirani wa Uvimbe Kwenye Mirija ya Nyongo

Anayenunua maini buchani anajua yalivyo: ya rangi ya damu ya mzee, laini, kisu kinapita bila kuhisi kitu. Ini la mtu mwenye afya ni hivyohivyo. Ndiyo maana daktari wa upasuaji anapolifikia ini lenye saratani ya mirija ya nyongo, vidole vyake hujua kabla ya macho. Penye uvimbe ni pagumu, peupe, pamejikunyata kama ngozi iliyoungua zamani. Kipande kikikatwa chembamba, kikatiwa rangi ya zambarau na ya waridi, kisha kikawekwa chini ya hadubini, asiyezoea atauliza saratani yenyewe iko wapi. Anachoona ni uwanja mpana wa waridi, wenye mistari iliyosukana kama ukili, na hapa na pale vikundi vidogo vya seli za zambarau vilivyojipanga kwa umbo la mirija iliyopotoka. Vikundi hivyo vidogo ndiyo saratani. Uwanja wote uliobaki ni kovu.

Picha hiyo imenikaa kichwani tangu nilipoiona mara ya kwanza. Tumezoea kusema "uvimbe wa saratani" kana kwamba donge zima ni saratani, kama nazi iliyooza yote. Katika saratani hii, mara nyingi sehemu kubwa ya donge ni seli za mgonjwa mwenyewe ambazo hazijageuka kuwa saratani, pamoja na nyuzi na ute uliotoka kwao. Ni mafundi wa mwili waliokuja kuziba kidonda wakabaki hapo. Kwa miaka mingi sasa watafiti wanauliza: mafundi hawa wanauzuia uvimbe au wanaulisha? Jibu lililojengeka polepole ni kwamba wanafanya yote mawili, na kabla ya jibu hilo kueleweka, kuna wagonjwa wa saratani ya kongosho, yenye kovu kama hili, waliopewa dawa iliyowazidishia hali.

Mrija na maradhi yake

Ini hutengeneza nyongo, kati ya nusu lita na lita moja kwa siku. Nyongo hiyo husafiri kwenye vijia vyembamba visivyoonekana kwa macho, ambavyo huungana na kuwa mirija, mirija ikaungana kuwa mrija mkuu mmoja unaotoka chini ya ini, ukapita karibu na kongosho na kumwaga nyongo kwenye utumbo mwembamba. Ndani ya mirija hiyo yote kumetandikwa safu moja tu ya seli. Saratani ya mirija ya nyongo huanzia kwenye safu hiyo.

Inaweza kuanzia kwenye vijia vya ndani ya ini, au pale mirija ya kulia na kushoto inapokutana kwenye mlango wa ini, au chini zaidi kuelekea utumbo. Ya mlangoni ndiyo inayoonekana zaidi, na wengi huiita kwa jina la Gerald Klatskin, daktari wa Marekani aliyeieleza kwa kina mwaka 1965. Ikiziba njia, nyongo hurudi kwenye damu: macho yanakuwa ya manjano, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi, choo kinapauka, mwili unawasha usiku kucha. Ile ya ndani ya ini mara nyingi haizibi njia kubwa, kwa hiyo hukaa kimya mpaka imekuwa kubwa. Ndiyo maana wagonjwa wengi hufika hospitali wakati upasuaji hauwezekani tena.

Isan

Mahali ambapo ugonjwa huu unajulikana kuliko kwingine kokote ni Isan, kaskazini-mashariki mwa Thailand, nchi ya mpunga na mabwawa inayopakana na Laos kwenye mto Mekong. Sehemu nyingi za dunia saratani hii ni nadra. Huko Isan ni msiba unaojulikana vijijini, na takwimu za mkoa wa Khon Kaen kwa miongo kadhaa zimekuwa miongoni mwa za juu kabisa duniani.

Chanzo kikuu ni mnyoo bapa, *Opisthorchis viverrini*, asiyefika urefu wa sentimita moja na nusu. Mayai yake hutoka na kinyesi cha mtu, humezwa na konokono wadogo wa majini, kisha viluwiluwi vyake huingia kwenye nyama ya samaki wadogo wa jamii ya karpi. Watu wa Isan wana kitoweo kinachoitwa koi pla: samaki hao hukatwakatwa wabichi, wakachanganywa na maji ya ndimu, pilipili, majani ya harufu na mchele uliokaangwa na kutwangwa. Ndimu huibadili nyama rangi ikaonekana kama imeiva, lakini haimuui mnyoo. Moto ndio unaomuua. Naelewa ugumu wa kumwambia mtu aache chakula cha bibi yake. Ni chakula cha kukusanyikia baada ya kazi ya shambani, na mnyoo huyu huishi mwilini miaka mingi bila kumuuma mtu kiasi cha kumshtua.

Mnyoo akishafika kwenye mirija ya nyongo hujishika kwa vinyonyeo vyake na kuchubua ile safu moja ya seli. Seli zinazaliana kuziba mchubuko. Anachubua tena. Zaidi ya hayo, mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba mnyoo huyu hutoa protini ya jamii ya granulini inayozisukuma seli za mtu zizaliane. Miaka ishirini, thelathini ya kuchubuliwa na kupona, kuvimba na kutulia, na kila mara kovu jembamba linaongezeka kuuzunguka mrija. Wengi wenye mnyoo hawapati saratani kamwe. Kwa wachache, katika kuzaliana huko kusikoisha, jeni zinaharibika, na seli moja inaacha kutii. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilimweka mnyoo huyu kwenye kundi la kwanza, la visababishi vya saratani visivyo na shaka.

Afrika Mashariki mnyoo huyu hatunaye. Lakini msomaji wa Mwanza au Kisumu atauona ukoo wake: kichocho nacho hupitia kwa konokono, dawa yake ni prazikwanteli ileile, na kichocho cha tumbo huacha makovu kwenye ini kwa kuziamsha seli zilezile nitakazozieleza hapa chini. Tofauti ni kwamba kichocho kilichothibitishwa kuleta saratani ni kile cha mkojo, na saratani yenyewe ni ya kibofu.

Ninachotaka msomaji akishike kutoka Isan ni mpangilio wa matukio. Kovu halikuja baada ya saratani. Lilitangulia, kwa miaka mingi, na saratani ilipozaliwa ilikuta mafundi wako kazini tayari.

Fundi na kazi yake

Mtoto akianguka na baiskeli akachunika ugoko, damu huganda, kisha ndani ya siku chache seli zinazoitwa fibroblasti huingia kwenye kidonda. Kazi yao ni kusokota nyuzi. Hutema protini ya kolajeni, ambayo hujisuka kuwa kamba imara, na baadhi yao hujijengea ndani nyuzi kama za misuli, zikajikaza na kuvuta kingo za kidonda zikutane. Kazi ikiisha, nyingi hufa zenyewe na zilizobaki hulala. Kinachobaki ni alama ya kovu.

Ini lina fibroblasti zake karibu na mirija, lakini lina pia seli nyingine ya ajabu. Mwaka 1876 Mjerumani Karl von Kupffer alitia vipande vya ini rangi kwa chumvi ya dhahabu akaona seli zenye mikono iliyotawanyika pande zote. Akaziita seli za nyota, na jina likabaki. Seli nyota zimejibanza kati ya seli za ini na vijishipa vya damu, na wakati wa amani kazi yao kubwa ni ghala: sehemu kubwa ya vitamini A ya mwili imehifadhiwa humo, katika vitone vya mafuta. Ini likijeruhiwa, iwe kwa pombe, homa ya ini au minyoo, seli nyota hupoteza vitone vyake, hunyooka, huanza kusokota kolajeni na kujikaza. Mtunza ghala amekuwa fundi wa makovu.

Mwaka 1986 mwanapatholojia Harold Dvorak wa Marekani alieleza kwamba uvimbe wa saratani huuhadaa mwili uuone kama kidonda kisichopona. Kila siku unaomba mafundi, na kila siku mafundi wanakuja. Maelezo hayo yanafaa saratani nyingi, lakini sijui saratani nyingi zinazoyatimiza kama hii ya mirija ya nyongo na ndugu yake ya kongosho.

Barua kati ya majirani

Seli huzungumza kwa protini. Seli moja hutoa protini nje, nayo huelea mpaka ikakutana na seli yenye kipokezi kinachoiingia, kama ufunguo kwenye kitasa. Kitasa kikifunguka, ndani ya seli ya pili mambo hubadilika: inaanza kutembea, au kuzaliana, au kutengeneza kitu fulani. Asiye na kitasa hicho hapati habari.

Barua ya kwanza tunayoifahamu vizuri hutoka kwa saratani kwenda kwa mafundi. Mwaka 2013 watafiti wa Italia na Marekani walionyesha kwamba seli za saratani hii hutoa protini iitwayo PDGF-D, na hutoa zaidi zinapokosa oksijeni, jambo la kawaida ndani ya uvimbe uliosongamana. Fibroblasti zilizo jirani zina kitasa chake. Zikiipata, huanza kutembea kuelekea ilikotoka. Watafiti walipokiziba kitasa hicho, fibroblasti zilisimama. Miaka kadhaa baadaye, mwaka 2019, ilionekana kwamba fibroblasti zilizopata barua hiyo hazikai tu. Hutoa protini nyingine zinazootesha vijishipa vya limfu, yaani maji ya mwili yanayopita kwenye tezi, kuuzunguka uvimbe. Saratani hii hupenda sana kupitia njia ya limfu kufika kwenye tezi na kusambaa. Kumbe barabara inayopitia ilichongwa na mafundi walioitwa na saratani yenyewe.

Barua ya kurudi ndiyo iliyonigusa zaidi. Mwaka huohuo wa 2013 kikundi cha watafiti wa Paris kilichukua panya waliodhoofishwa kinga. Panya wengine walidungwa seli za saratani ya mirija ya nyongo peke yake, wengine wakadungwa seli zilezile pamoja na fibroblasti kutoka kwenye ini la binadamu. Uvimbe uliochanganywa ulikua zaidi. Walipofuatilia sababu, walikuta fibroblasti zinatoa protini ya HB-EGF, ambayo huingia kwenye kitasa cha seli za saratani kiitwacho EGFR na kuziamrisha zikue na kupenya. Na ni nani anayeziamuru fibroblasti zitoe HB-EGF kwa wingi? Ni seli za saratani zenyewe, kwa kutumia protini ya TGF-beta. Kwa hiyo saratani inaandika, "Nitumie chakula," na fundi anatuma, na chakula kikifika saratani inaandika barua nyingine. Dawa ya kuziba kitasa cha EGFR ilipotumika, faida ya kuwa na fibroblasti ikapotea.

Ukisoma hapo utafurahi ukadhani tiba imepatikana. Haikuwa hivyo. Dawa za kuziba EGFR zilipojaribiwa kwa wagonjwa wa saratani za njia ya nyongo, hazikurefusha maisha yao kwa kiasi cha kuaminika. Kwa panya wa maabara kulikuwa na barua moja iliyotawala. Kwa binadamu ziko nyingi, na ukiziba moja nyingine zinaendelea kupita.

Huko Khon Kaen kwenyewe watafiti walifanya jambo la moja kwa moja zaidi: walitoa fibroblasti kwenye uvimbe wa wagonjwa wao na kuzikuza maabara, wakazilinganisha na fibroblasti za ini lisilo na saratani. Mwaka 2009 walionyesha kwamba fibroblasti za uvimbe zilizisukuma seli za mirija ya nyongo zizaliane, na kwamba wagonjwa waliokuwa na fibroblasti nyingi zilizoamka waliishi muda mfupi zaidi. Mwaka uliofuata walipopima jeni zinazofanya kazi ndani ya fibroblasti hizo, iliyojitokeza ni ya periostini, protini inayotandazwa kati ya seli. Ilitoka kwa fibroblasti, si kwa saratani, na waliokuwa nayo nyingi walikuwa na matokeo mabaya zaidi. Hapo maana yake ni nzito: ukitaka kukisia mgonjwa ataishi muda gani, wakati mwingine utajifunza zaidi kwa kumpima fundi kuliko kumpima mhalifu.

Mafundi si majirani pekee. Makrofaji, seli za kinga ambazo kazi yao ni kula uchafu na vijidudu, hujaa pembezoni mwa uvimbe huu, na utafiti wa Edinburgh uliotoka mwaka 2015 ulionyesha kwamba ndizo zinazotoa protini za Wnt ambazo saratani huzitegemea ikue. Zipo pia seli za kinga ambazo kazi yake ni kutuliza nyingine zisipigane. Zile zinazoweza kuua saratani mara nyingi huonekana zimerundikana ukingoni, upande wa nje wa kovu, kama askari waliofika wakakuta geti limefungwa.

Kuwaua mafundi

Kama fundi anamlisha mwizi, mtu wa kawaida atasema muondoe fundi. Watafiti nao walisema hivyohivyo, na mwanzo ulikuwa wa kutia moyo. Katika kliniki ya Mayo, Marekani, waligundua kwamba fibroblasti zilizoamka zina udhaifu: zimekaa karibu na kifo, zinasubiri msukumo mdogo tu, pengine kwa sababu ndivyo zilivyoumbwa, kufa kidonda kikipona. Fibroblasti zilizolala hazina udhaifu huo. Dawa ya navitoklaksi hutoa msukumo huo. Mwaka 2013 waliripoti kwamba panya wakubwa wenye saratani ya mirija ya nyongo waliopewa dawa hiyo walipungukiwa na fibroblasti, uvimbe ukapungua, na wakaishi muda mrefu zaidi. Kwa binadamu dawa hiyo ina kasoro kubwa, inashusha chembe sahani za damu, zile zinazozuia mtu asitoke damu hovyo.

Wakati huohuo habari za kutisha zilikuwa zinatoka upande wa kongosho. Saratani ya kongosho ina kovu zito kama hili, na watafiti walikuwa wamejaribu dawa iliyokusudiwa kulidhoofisha kovu hilo kwa kukata njia ya mawasiliano iitwayo hedgehog. Kwa panya ilikuwa imeonekana nzuri: kovu lililainika, dawa za saratani zikapenya. Mwanzoni mwa mwaka 2012 jaribio la wagonjwa likasimamishwa, kwa kuwa waliopewa dawa walikuwa wanakufa mapema kuliko wasiopewa. Miaka miwili baadaye, vikundi viwili tofauti vilichapisha habari za panya walioondolewa fibroblasti kwenye saratani ya kongosho kwa njia za kijenetiki. Uvimbe wao ulikuwa mkali zaidi, na walikufa haraka zaidi.

Mafundi walikuwa wamejenga ukuta, na ukuta ulikuwa unamzuia mwizi kwa kiasi fulani.

Basi swali likabadilika. Badala ya kuuliza kama fibroblasti ni nzuri au mbaya, ikabidi kuuliza ipi inafanya kazi ipi. Jibu lililonyooka zaidi kwa saratani ya mirija ya nyongo ya ndani ya ini lilitoka mwaka 2021 kwa kikundi cha Robert Schwabe katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Walitumia mbinu ya kusoma jeni za seli moja moja, maelfu kwa maelfu, kisha wakazima jeni fulani kwa panya mmoja baada ya mwingine waone nini kinabadilika. Kwanza walithibitisha kwamba fibroblasti nyingi za uvimbe huo zilikuwa zamani seli nyota. Pili, walikuta hazifanani. Kundi moja hutuma ujumbe wa mchochota, ule wa mwili kuwaka na kuvimba penye jeraha, na pamoja nao hutoa HGF, protini ya kukuza seli, ambayo huingia kwenye kitasa cha saratani kiitwacho MET. Kundi la pili ni la wenye misuli, wanaojikaza na kusuka. Hawa hutengeneza asidi ya hayaluroni, ule ute unaopatikana pia kwenye magoti na kwenye krimu za ngozi, nao huisaidia saratani.

Na kolajeni, zile kamba ngumu ambazo vidole vya daktari hukutana nazo kwanza? Walipoizuia kolajeni ya aina ya kwanza, ukuaji wa saratani hii haukupungua. Kile kinachoonekana zaidi, kinachofanya uvimbe uwe mgumu na mweupe, hakikuwa ndicho kinachoulisha. Katika utafiti mwingine wa mwaka huohuo, kikundi hicho kilionyesha kwamba kwa saratani zilizosambaa kwenye ini kutoka kongosho na utumbo mpana, kolajeni ilikuwa inazibana zisikue, wakati fibroblasti hizohizo kwa barua zao zilikuwa zinazikuza. Seli moja, mkono huu unajenga ukuta, mkono huu unapitisha chakula dirishani.

Kwangu mimi hapa ndipo suala zima linapokaa sawa. Jaribio la mwaka 2012 liliumiza watu kwa sababu lilibomoa ukuta na dirisha kwa pamoja. Kinachotafutwa sasa ni namna ya kuziba dirisha na kuuacha ukuta. Hata hilo si rahisi: dawa ya kimeng'enya kinachoyeyusha asidi ya hayaluroni ilifika hatua ya tatu ya majaribio kwa wagonjwa wa saratani ya kongosho, na mwaka 2019 ikatangazwa kwamba haikurefusha maisha yao. Pengine ute ukishayeyushwa fundi anatengeneza mwingine. Pengine barua nyingine zilitosha. Wanaofanya kazi hii leo wanajaribu kuzirudisha fibroblasti usingizini badala ya kuziua, na kwa seli nyota wazo hilo lina mantiki ya asili, maana zimewahi kuwa watunza ghala.

Kovu na mgonjwa aliye kitandani

Haya yote yanaweza kuonekana ya maabara, lakini mgonjwa hukutana na kovu lake mapema, hata kabla ya kuambiwa anaumwa nini. Mrija ukiziba, daktari huingiza kamera kupitia mdomoni, kisha kijiburashi chembamba kinasugua ndani ya mrija kuokota seli zikapimwe. Mara nyingi majibu yanarudi bila saratani kuonekana wakati saratani ipo. Seli za saratani ni chache, zimefukiwa ndani ya kovu, burashi limesugua lisiloumwa. Mtu anarudia kipimo mara mbili, mara tatu, huku macho yanazidi kuwa ya manjano na familia inauliza kwa nini madaktari hawana uhakika. Si uzembe daima. Ni ule uwanja wa waridi.

Kipimo cha jeni nacho hupata shida hiyohiyo, maana kipande kilichokatwa kinaweza kuwa na seli nyingi za kovu na chache za saratani. Na siku hizi jeni ni muhimu: kwa wenye saratani ya ndani ya ini iliyo na hitilafu ya jeni ya FGFR2, dawa ya pemigatinib iliidhinishwa Marekani mwaka 2020, na mwaka 2021 ikafuata ivosidenib kwa wenye hitilafu ya jeni ya IDH1. Anayekosa kipimo kizuri anakosa pia nafasi hiyo.

Kwa wengi, msingi wa tiba ni dawa mbili za dripu, gemcitabine na cisplatin. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba waliopata zote mbili waliishi wastani wa miezi 11.7, na waliopata gemcitabine peke yake miezi 8.1. Mwaka 2022 iliongezwa durvalumab, dawa inayozifungua breki seli za kinga, na wastani ukapanda kutoka miezi 11.5 hadi 12.8. Mwezi mmoja na siku kadhaa. Kwa familia mwezi ni mwezi, sitaudharau, na wapo wachache waliofaidika kwa muda mrefu zaidi. Lakini ukizikumbuka zile seli za kinga zilizokwama ukingoni mwa kovu, utaelewa kwa nini kufungua breki peke yake hakutoshi: gari lenyewe liko nje ya geti.

Ndiyo maana narudi Isan. Daktari wa upasuaji wa ini wa Khon Kaen, Narong Khuntikeo, aliyefiwa na wazazi wake wote wawili kwa saratani hii, ni mmoja wa waliotoka hospitali kwenda vijijini na mashine za kupiga picha kwa mawimbi ya sauti, wakiwapima watu ambao bado wanajisikia wazima. Mzee aliyekula koi pla tangu utotoni analala chali, anapakwa jeli tumboni, na kwenye kioo ini lake linaonekana la kijivu. Anayepima hatafuti donge peke yake. Anafuata mirija ya nyongo mmoja mmoja akitazama kama kuna mstari mweupe kandokando yake, kovu jembamba la miaka mingi ya mnyoo, lililosukwa na mafundi kabla seli yoyote haijaacha kutii. Akiuona, jina la mzee linaandikwa kwenye orodha ya wa kurudi kupimwa tena.